Fundi Aliyetundika Hita Ukutani

Ukitoka Kakuma kwa barabara ya Kalobeyei, mkono wa kushoto, kuna kibanda cha mabati cha fundi Mkongomani anayeitwa Gervais. Ukutani, juu ya meza yake ya spana, alikuwa ametundika hita kumi na moja. Si zile za kuchemshia maji. Ni rejeta ndogo, kila moja kama Biblia kubwa, ambazo hukaa ndani ya dashibodi ya gari na kuwapulizia joto watu wa nchi za baridi. Alizitoa kwa magari yaliyokufa, moja moja, miaka mingi. Kila akipata moja aliizamisha kwa karai la maji, akaipuliza kwa mdomo aone kama ina tundu, kisha akaining'iniza kwa msumari wake.

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakipumzika kwa kivuli chake walikuwa na kazi ya kumcheka.

"Fundi, unataka kuuzia Waturkana joto?"

"Jua hapa ni ya bure, mzee! Hadi inabaki!"

"Mwacheni. Anangoja theluji."

Gervais alikuwa akiendelea kufunga nati yake, kofia ya sufi kichwani hata saa saba mchana. "Mucheke tu," aliwajibu kwa Kiswahili cha kwao. "Siku gari italia ndani, mutanitafuta."

Hapo ndipo walipocheka zaidi. Gari linalia vipi?

Gervais ni mtu wa milima ya Masisi. Alifika Kakuma miaka kumi na nne iliyopita akiwa na bisibisi mbili na hiyo kofia. Hana mke hapa. Hupika mwenyewe, maharage yake huyafunika kwa sahani ya bati, na hapendi kitu chochote cha gari kiachwe wazi chini. Ukimwaga oili kwake anakuja na mchanga. Nilidhani ni usafi tu. Ninaandika habari zake kwa sababu ya mtoto wangu Apua, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne.

Mume wangu Losike ana gari la zamani la stesheni, jeupe, ambalo sasa ni rangi ya vumbi. Huchukua samaki wakavu kutoka upande wa ziwa, anawapitisha Lodwar tunakokaa, anawapeleka soko la Kakuma. Gari linanuka samaki. Nguo zetu zinanuka samaki. Ndiyo maana ile harufu nyingine ilichukua muda kunifikia.

Ilikuwa harufu tamu, kama peremende iliyoanguka kwa jiko. Niliisikia mara ya kwanza nikiwa nimekaa mbele na Apua mapajani. Nikamwambia Losike.

"Hiyo ni samaki," akasema.

"Samaki hanuki sukari, Baba Apua."

"Basi ni wewe umemwaga chai ya mtoto."

Wiki hiyo zulia la gari upande wangu likaanza kulowa, na rejeta ikaanza kupungua maji bila kuacha hata tone chini ya gari. Losike akampelekea Nanok, fundi wetu wa Lodwar, mtu wa maneno mengi. Nanok aliangalia chini ya gari, akaangalia zulia, akaangalia jerikeni yetu ya maji ya kunywa ambayo hukaa nyuma ya kiti changu.

"Jerikeni inavuja, hiyo ndiyo inalowesha," alisema. "Na rejeta inakunywa kwa sababu ya joto. Hata wewe si unakunywa?"

Nilikuwa nimesimama hapo na mtoto mgongoni. Nilijua jerikeni ilikuwa imejaa mpaka shingoni, maana niliijaza mwenyewe asubuhi na nilikuwa nimeiinua sasa hivi. Nilimwambia Losike polepole. Akaniuliza kama siku hizi nimekuwa fundi. Nanok akacheka, akachukua tumbaku kwa mfuko wake, ya kutafuna, akaitia ndani ya rejeta iende ikazibe tundu kama liko. Wengi hufanya hivyo kwetu, na mara nyingine husaidia. Kisha Losike akajaza kulanti, yale maji ya kijani ya rejeta. Alikuwa amepewa galoni nzima na rafiki yake, na alijivunia kwamba gari lake halinywi maji ya kisima kama magari ya wengine.

Jumamosi tukaondoka Lodwar saa tatu asubuhi kwenda Kakuma. Tulikuwa tunapeleka samaki, na mama mkwe wangu, Namuar, alitaka kumwona mjukuu. Yeye anakaa nje kidogo ya Kakuma, na mbuzi wake.

Jua lilikuwa kali hata kuku walikuwa wamefungua midomo. Tulipofika nusu ya njia mshale wa joto ukapanda. Losike akafanya vile madereva wa huku hufanya gari likichemka: akafungua hita mpaka mwisho. Hiyo huitoa injini joto na kulileta kwa watu. Unafungua madirisha, unavumilia. Miguu yangu ilihisi kama iko mbele ya jiko. Kisha kioo cha mbele kikaanza kuwa cheupe.

Mimi nimezaliwa Lodwar. Sijawahi kuona ukungu ndani ya gari. Hapakuwa na wingu lolote, mchanga ulikuwa unawaka pande zote, na sisi hatuoni mbele. Losike alipangusa kwa kiganja, kiganja kikateleza kama kimeshika mafuta. Akapangusa tena. Ukungu ukarudi. Akaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, na mimi nikamwona ngamia dakika ya mwisho, nikapiga kelele, akakwepa.

"Ni nini hii?" nikamwuliza.

"Ni joto tu," alisema. Lakini hakuniangalia.

Apua alikuwa analia kwa sababu ya joto. Alikuwa amekuwa mwekundu machoni. Nikatafuta pahali penye nafuu, nikapata mahali pamoja tu. Tulipopunguza mwendo injini ikapoa kidogo, Losike akafunga hita, na zulia chini ya miguu yangu likapoa. Lilikuwa limelowa chapachapa. Nikamvua mtoto nguo nikamketisha hapo chini, katikati ya miguu yangu, kwa ule ubaridi. Akanyamaza mara moja. Akaanza kucheza, anapiga viganja kwa zulia, chwa chwa chwa. Nilimshukuru Mungu. Halafu, kwa sababu wiki hiyo nzima mtoto alikuwa ananyonya bila kupumzika na mimi nilikuwa nimechoka, nikafunga macho.

Sijui nililala muda gani. Nilipoamka tulikuwa tunaingia Kakuma na Apua alikuwa na mdomo unaong'aa. Nikampangusa kwa leso.

Kwa mama mkwe, Losike akatoa zulia akalitandika juu ya ua wa miiba likauke. Mbuzi wakaja. Walianza kulilamba, wawili wadogo, wanavuta pembe zake kwa meno. Mama mkwe akafurahi.

"Waacheni walambe," alisema. "Hiyo ina chumvi. Mbuzi hawadanganyiki."

Sisi hutembeza mbuzi mbali kutafuta udongo wa chumvi, kwa hivyo hakuna mtu angewafukuza. Hata mimi niliona ni baraka ndogo. Lakini jua lilipoanza kuteremka wale wawili walianza kutembea kama watu waliotoka kwa pombe. Miguu ya nyuma ilipishana. Mmoja aliegemea ukuta wa nyumba, akabaki hapo, ametazama mahali pamoja.

Asubuhi mmoja alikuwa amekufa. Wa pili alikuwa amelala kwa ubavu, anapumua haraka, na mama mkwe akaita jirani amchinje kabla hajafa bure. Jirani huyo husoma utumbo wa mbuzi, kazi ya baba yake. Aliufungua, akautandaza, tukangoja aseme habari za mvua au za njia. Akauacha utumbo, akashika figo, akaziminya kwa kidole. Zilikuwa ngumu, rangi imepauka. Kisha akainua kibofu. Kilikuwa tupu kama mfuko.

"Huyu mbuzi alikunywa maji jana?"

"Alikunywa sana," mama mkwe akasema. "Alikuwa na kiu hata ya ajabu."

"Maji imeingia haijatoka." Akanawa mikono, akanawa tena. "Hii nyama mzike. Hata mbwa msiwape."

Mama mkwe wangu ameona njaa nyingi. Sijawahi kumwona akizika nyama. Alichukua jembe mwenyewe, bila kubishana. Nikamshika Apua. Alikuwa amelala tena, mzito mabegani. Nikagusa kitambaa nilichomfunga alipoamka alfajiri.

Kilikuwa kikavu.

Nikajiambia ni jasho, mtoto ametoa maji yote kwa jasho. Sikusema kwa sauti. Lakini Losike alipowasha gari kulipeleka kwa fundi wa hapo Kakuma, nilipanda na mtoto bila kuambiwa. Nilikaa nyuma, juu ya magunia.

Kibanda cha Gervais kilikuwa wazi ingawa ni Jumapili. Losike alimweleza kwa haraka: jerikeni, joto, tumbaku, kioo. Gervais alifungua mlango wa abiria akaingiza kichwa tu, akabaki hivyo, kama mtu anayesikiliza. Kisha akachukua karatasi nyeupe akapangusa kioo kwa ndani. Karatasi ikatoka na mafuta ya kijani kidogo. Akafungua boneti, akashika ile mipira miwili inayopita ukuta wa injini kuingia ndani, mmoja halafu mwingine. Akarudi ndani, akalala chali chini ya dashibodi, akaingiza mkono juu. Tone likamwangukia kwa mkono. Akalinusa.

"Hita," alisema. "Hita imepasuka. Inalia ndani."

Vijana wa bodaboda wakatazama ukutani.

"Basi kata hiyo mipira uiunganishe, tuitupe hiyo hita," Losike akasema. "Hapa nani anataka joto? Ni dakika kumi."

Gervais hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameshika kile kipande cha mpira cha kukanyagia ambacho hukaa juu ya zulia, ambacho Losike alikirudisha ndani bila kukiosha. Akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kimegandwa na uchafu wa kunata pande zote, isipokuwa ukingo mmoja. Hapo palikuwa safi kabisa, pamelambwa, na kwa mpira palikuwa na alama mbili ndogo za meno.

Wakati huo Apua alikuwa na meno mawili tu, ya chini.

"Nani anakalaka hapa?" Gervais aliuliza.

Nikamwonyesha mtoto tu.

"Wakati gani?"

"Jana. Asubuhi."

"Anakojoa?"

Nikatikisa kichwa.

Nimeona watu wakiogopa. Gervais hakufanya kama wao. Alivaa viatu. Akachota yale maji ya kijani kutoka rejeta akayatia ndani ya chupa, akachukua na ile galoni ya Losike yenye maandishi, akafunga kibanda kwa kamba. "Mama, panda pikipiki. Baba, weye kamata ingine. Si kesho. Sasa iyi."

Kijana aliyemcheka zaidi ndiye aliyetubeba.

Hospitalini tulikuta foleni. Gervais akapita foleni yote, kofia mkononi, akaweka chupa na galoni juu ya meza ya daktari. "Mutoto amelamba hii, daktari. Jana. Hajakojoa. Unasoma hapa." Daktari, msichana tu kwa umri, akasoma galoni. Uso wake ukabadilika, akaita sista kwa sauti ya juu.

Walimtoboa Apua mara tatu kabla ya kupata mshipa. Hakulia vile anavyoliaga. Alilia kidogo, kama mtu anayekumbushwa kulia. Daktari akanieleza kwamba ile kitu ni tamu lakini ni sumu, inaanza kama ulevi na inamalizia kwa figo. Hakujua mtoto amelamba kiasi gani. Pengine ni kidogo. Wamempa dawa waliyo nayo na dripu.

"Tunangoja mkojo," alisema. "Saa kumi kama hakuna, lazima aende Lodwar, hapa sina mashine. Na ambulensi imeenda Lokichoggio. Gari yenu iko?"

Losike akamwangalia Gervais. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Na jua ya saa kumi," Losike alisema, "bila kufungua hita itachemka kabla ya nusu ya njia. Injini imezeeka."

"Nimeona," Gervais alisema. "Kuunganisha mipira haitoshe. Na ile sumu yote imebakia mu sanduku ya hita, itatonya kwa mutoto njia yote. Tutatoa ya zamani, tutasafisha, tutatia ingine." Akaanza kutoka, halafu akarudi akainama mbele yangu. "Mama. Kila saa unagusa kitambaa. Usiamini macho. Gusa."

"Wewe unajua hii kitu," nikamwambia.

"Kwetu baridi ni mingi, kila gari ina hita na kila gari ina iyi maji." Alikuwa anafinya kofia. "Mutoto wangu alikuwa wa miaka miwili. Sisi tulifikiri ni malaria." Akatoka.

Yaliyotokea kibandani niliambiwa na Losike. Kwa gari letu hita hutokea ubavuni, kwa miguu ya abiria. Walitoa kile kisanduku cha kuwekea karatasi mbele ya abiria, wakatoa bomba la hewa, wakafungua mipira, na yale maji yakamwagika yakiwa na tumbaku ya Nanok ndani, nyeusi, nyuzi nyuzi. Tumbaku ilikuwa haijaziba tundu. Ilikuwa imeziba njia, na maji yakasukuma zaidi pale palipokuwa pamechoka. Hita ilitoka imeoza upande mmoja. Gervais akaenda ukutani na kamba, akapima moja, akapima ya pili. Ya saba ikaingia. Vijana wa bodaboda walileta maji ya kuoshea sanduku la hita, jerikeni baada ya jerikeni, na Gervais aliosha mpaka akaweza kupitisha kidole na kukinusa bila kukunja uso. Hakurudisha ya kijani. Alijaza maji matupu. "Huku barafu haiko," alimwambia Losike. "Kutu ni afadhali."

Mimi nilikuwa nagusa kitambaa. Saa sita, kikavu. Saa saba, kikavu. Apua alifungua macho akaniangalia kama ananitazama kutoka mbali. Saa nane nilihisi unyevu, kumbe ni jasho la mkono wangu. Kando yangu kulikuwa na mama wa Sudan Kusini, anaitwa Nyakong, mwanawe ana homa. Hatukuelewana maneno mengi. Aliona ninachofanya, na kila mara nilipotoa mkono aliinua nyusi kuniuliza. Nilitikisa kichwa, naye alitazama chini.

Nilifikiri juu ya ule ubaridi. Nilimweka pale kwa mkono wangu mwenyewe, na nikashukuru.

Saa tisa na nusu sista akaanza kuandika karatasi ya Lodwar. Saa kumi kasoro nikasikia gari letu. Ninaujua mlio wake. Nikatoka na Apua begani, sista nyuma yangu ameinua dripu. Kioo cha mbele kilikuwa kimesafishwa hata nikaona uso wa Losike wote, na alikuwa analia. Gervais alikuwa mlangoni pa abiria. Alikuwa ametandika gunia jipya chini.

"Nipe mutoto, panda kwanza."

Nikampa. Alimshika kama wanaume ambao waliwahi kushika, mkono mmoja chini ya makalio. Nikaweka mguu ndani ya gari. Nikageuka kumchukua.

Gervais alikuwa amesimama wima, hatikisiki. Kutoka kwa mkono wake, kwa kiwiko, kulikuwa kunadondoka. Tone. Tone. Kisha kidogo zaidi, rangi kama ya chai ya rangi, kwa shati, kwa suruali, kwa kiatu.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo sana. "Gusa."

Sista alikuwa wa kwanza kufika. Akatazama, akarudi mbio kumwita daktari. Nyakong, aliyekuwa ametufuata mpaka mlangoni, alipiga kigelegele kimoja tu, akakikata, kwa sababu ni hospitali.

Lodwar tulienda hata hivyo, daktari alisema rangi ile haimpendezi. Tulifika salama na kioo cheupe hakikuonekana tena. Tulikaa wadi siku tisa. Mkojo uliongezeka, ukawa mwepesi. Daktari wa Lodwar alisema figo ni kitu cha kuangaliwa, turudi kila miezi mitatu, na tunarudi. Kila wakienda kupima damu ya Apua mimi hukaa nimeshika kitambaa ambacho hakina kazi.

Ile hita mbovu Gervais aliiponda kwa nyundo akaizika pamoja na zulia, akaweka mawe juu, mbuzi wasifukue. Ukutani zimebaki kumi. Msumari wa saba ameuacha hapo, haujatundikwa kitu. Vijana bado wanakaa kwa kivuli chake na bado wanamtania, ila sasa ni kofia tu.

Tukipita Kakuma lazima tusimame. Anatoka akipangusa mikono. Watu wote hapa wakisalimiana husema ejok, nasi humjibu ejok. Yeye haanzi na hiyo. Anaanza na swali, hata mbele ya wateja, hata Apua akiwa sasa anakimbia na kumvuta suruali.

"Anakojoa?"

"Anakojoa, fundi."

Ndipo anasema ejok. Halafu anafungua mlango wa mbele, anainama, na kabla mtoto hajapanda anapitisha kiganja chini, pole pole, pembe zote.